Sura ya Sita: Kitindamimba na Mama Yake

Kadi ya kliniki ya mjamzito, ile ambayo wauguzi huiita kadi namba 4, ina sehemu inayoorodhesha vidokezo vya hatari. Mkunga huipitia siku ya kwanza mama anapofika kliniki. Anauliza umri, anauliza uzao, anapima kimo, anauliza kama mama amewahi kujifungua kwa upasuaji na kama aliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Anauliza pia mtoto aliyetangulia ana miaka mingapi. Mimba ya kwanza baada ya miaka 35 ni kidokezo cha hatari. Mimba ya tano na kuendelea ni kidokezo. Miaka 10 au zaidi tangu mimba iliyopita ni kidokezo kingine. Mama wa Kasulu mwenye miaka 41 na mimba ya nane anaweza kutoka chumbani humo na alama zaidi ya moja kwenye kadi yake, pamoja na agizo la kwenda kujifungulia hospitali.

Umri hauwezi kufutwa kwenye kadi. Hakuna dawa itakayomrudisha mama kwenye miaka 25. Lakini ukiufuatilia uzazi wa ukubwani katika wilaya za Kibondo na Kasulu, unakuta kwamba mama mtu mzima huponzwa na saa kuliko anavyoponzwa na miaka. Huponzwa na kuchelewa kujua, kuchelewa kuondoka nyumbani, kukwama njiani, na kungojeshwa akishafika. Miaka iliyopita haiokoleki. Saa zinaokoleka, na sura hii inahusu saa hizo.

Anayeendelea na anayeanza

Magazeti ya mijini yakiandika juu ya uzazi wa ukubwani, humwandika mwanamke aliyesoma, akaajiriwa, akaolewa akiwa na miaka 34, kisha akaanza kutafuta mtoto. Ndivyo ilivyo pia kwa wenzetu wa mbali: Italia, mama wa mtoto wa kwanza ana wastani wa miaka zaidi ya 31, na Korea Kusini wastani huo ni kama 33. Tanzania, nusu ya wanawake huwa wameshapata mtoto wa kwanza wanapofika miaka 20 hivi.

Milimani Kigoma, mama wa ukubwani kwa kawaida ni mama tayari. Alianza akiwa na miaka 18 au 19, akaendelea kila baada ya miaka miwili au mitatu, na akiwa na 42 bado yumo. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015-16. Kigoma kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo. Wataalamu wa idadi ya watu waliochunguza jamii zisizotumia uzazi wa mpango, za Ulaya ya zamani na za kwingineko, walikuta mwanamke huzaa mtoto wa mwisho akiwa na wastani wa miaka 40 au 41. Kwa hiyo mama wa miaka 41 mwenye mimba si kioja. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyozoea tangu zamani, pale ambapo hakuna kilichouzuia.

Hata majina yanashuhudia. Kwa Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu wa karibu na ambao wengi walikimbilia kambi za Nduta na Nyarugusu, mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Jamii yenye jina maalumu kwa mtoto wa kumi ni jamii iliyozoea kumwona mama akinyonyesha huku nywele zinaingia mvi.

Historia nayo ilisogeza uzazi mbele. Wakati wa ukoloni, Buha, yaani nchi ya Waha, iligeuzwa eneo la kutolea vibarua. Wanaume waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, na wapo waliokaa huko miaka. Mke aliyebaki Heru au Muhambwe alilima peke yake, na pengo kati ya mtoto na mtoto lilifuata safari za mume. Baadaye vita vya nchi jirani vilileta hadithi nyingine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilipokea Wakongo kuanzia mwaka 1996, na mwaka 2015 Warundi wengi walivuka tena mpaka. Kukimbia hutenganisha wanandoa, huvunja uchumba, huua watoto. Wapo wanawake waliozika watoto wa ujana wao upande wa pili wa mpaka, wakaanza upya upande huu wakiwa wamepita miaka 35.

Kuna na mama wa aina ya pili: yule ambaye mimba yake ya kwanza imekuja akiwa na miaka 37, baada ya ndoa ya miaka 15 isiyo na mtoto. Huyu ni mmoja kati ya wengi, na mzigo wake ni wa namna nyingine. Nitamrudia.

“Nilidhani damu imekata”

Kuchelewa kwa kwanza hutokea kabla mtu yeyote hajajua kuna mimba. Mwanamke wa miaka 43 anakosa hedhi miezi miwili. Akiwa na miaka 25 angejua mara moja. Sasa anahesabu umri wake na kuamua kwamba damu imekata, kwamba amefika pale walipofika mama yake na shangazi zake. Uchovu anausingizia jembe, kichefuchefu anakisingizia malaria. Yule aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango ndiye anayechelewa zaidi, maana sindano ile huzuia hedhi hata ikiwa imeachwa miezi kadhaa, na mwili unaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi. Anakuja kushtuka mtoto anapocheza tumboni, mimba ikiwa na miezi minne au mitano.

Miezi hiyo iliyopotea ina thamani kubwa. Ndiyo ya kupima damu, mkojo, presha, kaswende na virusi vya ukimwi. Ndiyo ya kuanza vidonge vya kuongeza damu. Mama aliye katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, kama vile mwenye presha ya siku nyingi au kisukari, anaweza kuanzishiwa na daktari vidonge vidogo vya aspirini vinavyopunguza hatari hiyo, lakini faida yake ipo vikianzwa mapema, kabla ya wiki ya 20. Akija na mimba ya miezi sita, mlango huo umeshafungwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mwanamke yeyote aliyevuka miaka 40 na ambaye bado anaishi na mume ni hii: hedhi ikikosekana, pima. Kipimo cha mkojo kinapatikana zahanati na maduka ya dawa. Hedhi inahesabiwa kuwa imekoma pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, na bila mimba.

Mwili wa miaka arobaini

Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na milioni mbili. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000, na akikaribia kukoma hedhi ni kama 1,000 tu. Mayai yaliyobaki yamekaa mwilini miaka 40, na yanapogawanyika hukosea zaidi. Ndiyo sababu mimba nyingi za ukubwani huharibika mapema, na ndiyo sababu watoto wenye hali ya Down huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda: kama mtoto 1 kati ya 350 mama akiwa na miaka 35, kama 1 kati ya 100 akiwa na 40, na kama 1 kati ya 30 akiwa na 45. Takwimu hizi zisomwe pande zote mbili. Mama wa miaka 40 ana nafasi 99 kati ya 100 kwamba mtoto wake hatakuwa na hali hiyo. Na akizaliwa nayo, huyo si laana wala malipo ya dhambi ya mtu. Ni mtoto anayejifunza taratibu, ambaye moyo wake unahitaji kuchunguzwa mapema, kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam inawafanyia watoto upasuaji wa moyo.

Mama mwenyewe ana mambo yake. Presha hupanda zaidi baada ya miaka 35, na presha ikifika 140 kwa 90 wakati wa mimba si ya kungojea wiki ijayo. Kisukari cha mimba huongezeka. Uvimbe kwenye kizazi, ambao ni wa kawaida kwa wanawake wa Kiafrika wenye umri huo, unaweza kumfanya mtoto alale vibaya. Na kizazi kilichobeba mimba saba kimelegea: mtoto hukaa kimshazari, kondo la nyuma hushika chini karibu na mlango, na baada ya kujifungua misuli hushindwa kujikaza ili kufunga mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto. Misuli ikishindwa kujikaza, damu hutoka.

Hapa ndipo uzoefu unapomdanganya mama. Amezaa saba, wengine nyumbani, wawili shambani, na wote salama. Anaamini wa nane atashuka kwa urahisi zaidi, na mara nyingi ni kweli kwamba hushuka haraka. Lakini kila uzazi humwongezea hatari ya kutokwa na damu. Mama anayejisifu kwamba hajawahi kupelekwa hospitali ndiye ambaye mkunga humwandikia hospitali kwanza. Na dawa za mitishamba za kuongeza uchungu, ambazo hutumika sana vijijini, ni hatari kubwa kwake kuliko kwa wengine wote, kwa kuwa huweza kukikaza kizazi kilichochoka mpaka kikapasuka.

Anayebeba mimba ya kwanza akiwa na miaka 38 ana udhaifu wake wa pekee, na katika mkoa wenye malaria kama Kigoma udhaifu huo ni mzito. Vimelea vya malaria vya mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma, na mwili hujifunza kupambana navyo kwa kupitia mimba moja hadi nyingine. Mama wa mimba ya saba ana kinga hiyo. Mama wa mimba ya kwanza hana, hata kama ana nywele za mvi. Chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vya kumeza kliniki vinamhusu kama vinavyomhusu msichana wa miaka 19.

Muda wa saa mbili

Watafiti wa vifo vya wazazi walikadiria zamani muda unaopita kati ya tatizo kuanza na kifo, iwapo hakuna msaada. Maambukizi huchukua siku kama sita. Kifafa cha mimba, siku mbili. Kizazi kilichopasuka, siku moja. Kutokwa na damu baada ya kujifungua huchukua saa mbili.

Ziweke saa mbili hizo juu ya ramani. Kibondo ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini. Mabamba iko kule mpakani mwa Burundi. Heru Juu na Shunga ziko juu ya milima ya Kasulu, ambako mvua za kuanzia Oktoba hadi Mei hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Kwa vizazi vingi mama aliyezidiwa alibebwa kwa machela na wanaume waliopokezana mabegani, au alipakiwa nyuma ya baiskeli. Leo kuna bodaboda, na barabara ya lami inayounganisha Kakonko, Kibondo na Kasulu imefupisha safari iliyokuwa ikichukua siku. Lakini lami haipandi kila kilima. Kutoka nyumbani hadi barabarani bado ni mguu, giza na mto.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wazazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Waswahili walishasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Milimani, anayechelewa humkosa mwana na mama pia.

Mkoa wa Kigoma una ushahidi wake kwamba saa hizi zinaokoleka, na ushahidi huo una jina la mtu. Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa mjini Kigoma katika miaka ya 1980, wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni na hospitali haikuwa na karibu kitu chochote. Mwaka 1984 vifo vya wazazi hospitalini hapo vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Alianza kwa kuchunguza kila kifo, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza mama yule alikufa kwa nini. Kisha yeye na wenzake wakarekebisha yaliyokuwa ndani ya uwezo wao: vifaa vibovu vilitengenezwa, watu wakahamasishwa kutoa damu, wahudumu wakawa wanakaa pamoja na kujadili makosa. Kufikia mwaka 1991 vifo vilishuka hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna jengo la fahari lililojengwa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, na yanasomwa hadi leo na wanaojifunza afya ya uzazi duniani.

Kizazi kilichofuata kilisogeza upasuaji karibu na vijiji. Kuanzia mwaka 2006 mradi uliofadhiliwa na taasisi ya Bloomberg, ambao baadaye uliendeshwa na shirika la Thamini Uhai, ulisaidia serikali kuweka vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya vya Kigoma na kuwafundisha madaktari wasaidizi na wakunga kazi ya uzazi wa dharura. Tanzania imewatumia madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa kujifungua tangu miaka ya 1960, na wengi wa watoto waliozaliwa kwa upasuaji vijijini walitolewa na mikono yao. Mama wa Kasulu anayevuja damu hana haja ya profesa aliyeko Dar es Salaam. Ana haja ya mtu aliyefundishwa, aliye karibu, na ambaye yupo kazini usiku.

Dawa nazo zina masharti yake. Oksitosini, sindano inayokaza kizazi, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ya zahanati ikikosa umeme kwa muda mrefu, mama anaweza kuchomwa sindano iliyopungua nguvu na kila mtu ataamini ametibiwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kifaa chake kikuu kilikuwa shuka la plastiki lenye alama za kupimia, linalowekwa chini ya mama ili mkunga aone damu iliyotoka badala ya kukisia kwa macho. Pale alama ilipofikiwa, matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo. Damu nyingi ya kutisha ilipungua kwa asilimia 60. Shuka la plastiki na uamuzi wa haraka vilifanya kazi hiyo.

Aibu na heshima

Kuna kuchelewa kusikopimwa kwa kilomita. Mama wa miaka 42 ambaye binti yake ameshaolewa na ana mimba pia huona haya kupanga foleni kliniki na wasichana wa rika la bintiye. Majirani humcheka. Wakwe hunong’ona. Mwenyewe huvaa vitenge viwili na kujifunika mpaka miezi inakwisha. Kisha akifika wodini anakutana na sauti ya mhudumu kijana: “Bibi, wewe bado unazaa tu?” Maneno hayo matano yanatosha kumfanya asirudi.

Mwaka 2009 Margaret Kruk, Mbaruku na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Kasulu hiyohiyo. Waliwapa wanawake waliojifungua miaka ya karibuni nafasi ya kuchagua kati ya vituo vya kufikirika: hiki kiko karibu lakini mhudumu ni mkali, kile kiko mbali lakini mhudumu ni mpole na dawa zipo. Mambo mawili yalizidi mengine kwa uzito: mhudumu mwenye heshima, na kuwepo kwa dawa na vifaa. Umbali na gharama vilikuja nyuma. Wanawake wa Kasulu walisema waziwazi kwamba wako tayari kutembea zaidi ili wasidharauliwe.

Matokeo hayo yangepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila wodi ya wazazi nchini. Mama mtu mzima anastahili “shikamoo” kabla ya kuulizwa kadi. Kumheshimu ni sehemu ya tiba yake, kwa kuwa ndiko kunakomfanya aje mapema.

Aliyesubiri

Nilisema nitamrudia mama wa mimba ya kwanza. Katika jamii ambamo mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, yeye ameishi miaka 15 akiitwa kwa jina la mume au kwa jina lake la utotoni. Ameshaambiwa mgumba. Mawifi wamemshauri kaka yao atafute mwingine. Ameombewa makanisani na kutajiwa Sara na Hana. Amekunywa mizizi ya kila aina.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hupata tatizo la kutozaa wakati fulani wa maisha yake. Sababu kubwa kwetu ni mirija kuziba kutokana na kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua na baada ya mimba kuharibika. Na katika karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto, mwanamume ana mchango wake. Kipimo cha mbegu za kiume kinahitaji hadubini tu, na ni rahisi kuliko vipimo vyote ambavyo mke ameshafanyiwa. Hata hivyo mke hupimwa miaka kumi kabla ya mume kukubali kwenda mara moja. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingojee mwaka mzima: miezi sita bila mimba inatosha kumwona daktari, pamoja na mumewe. Upandikizaji wa mimba upo mijini, na gharama yake ni ya mamilioni ya shilingi, nje ya uwezo wa mkulima wa maharage. Kutibu kisonono mapema kunagharimu kidogo sana, na ndiko kunakozuia machozi ya miaka hiyo.

Mimba yake ikija, hulindwa kwa siri, naye huogopa hata kununua nguo za mtoto. Wahudumu wamwache alie kliniki akitaka. Ila asikose kliniki.

Baada ya kujifungua

Mzazi hukandwa. Maji ya moto, kitambaa, mikono yenye nguvu inayobonyeza tumbo na kiuno, kisha uji mwepesi, na siku zinazofuata ndizi, maharage na migebuka kama ipo. Kwa desturi kazi hiyo ni ya mama mzazi. Lakini mzazi wa miaka 43 mara nyingi mama yake ameshafariki au ni mzee wa kushikwa mkono. Anayemkanda ni binti yake mkubwa. Wote wawili huona haya siku ya kwanza. Siku ya tatu binti amezoea, anachota maji kabla hajaambiwa, na anambeba mdogo wake mgongoni pamoja na wa kwake.

Mama huyu hurudi shambani mapema mno. Jembe halingoji, na watoto saba wanakula. Ndiyo sababu wengi hubaki na upungufu wa damu kwa miezi, na wengine kizazi huanza kushuka, tatizo wanalolificha miaka mingi ingawa linatibika. Wiki sita za kupumzika angepewa na mume, na mume ndiye anayeamua nani atapalilia.

Wapo pia wanaokuwa mama ukubwani bila kubeba mimba. Binti amefariki wakati wa kujifungua, na bibi wa miaka 55 anarudi nyumbani na kichanga. Huyu hupata pole nyingi na msaada mdogo. Kichanga cha aina hiyo kipelekwe kliniki wiki hiyohiyo, na bibi aelezwe kwa vitendo namna ya kuandaa maziwa kwa usafi na kwa kipimo, kwa kuwa maziwa ya ng’ombe yaliyochanganywa maji kwa kukisia humdhoofisha mtoto.

Yaliyo mikononi mwetu

Utafiti wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Nchi imeenda mbali. Waliobaki nyuma ni wale walio mbali na wenye hatari nyingi kwa pamoja, na mama mtu mzima wa milimani ni mmoja wao.

Kwako mama uliyevuka miaka 35: nenda kliniki mara tu hedhi inapokosekana. Ukiona maumivu makali ya kichwa, macho kufifia, uso kuvimba au damu, usingoje asubuhi. Wiki mbili kabla ya siku zako, sogea karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Andaa mfuko mapema: glovu, pamba, mpira wa kulalia, wembe mpya, vibanio vya kitovu, vitenge safi. Na kama una watoto wengi, ukishampata huyu zungumza na mkunga kuhusu kijiti, kitanzi au kufunga kizazi. Umezaa vya kutosha kuwa na haki ya kupumzika.

Kwako baba: damu ya kumwongezea mkeo haitoki dukani. Tafuta watu wawili walio tayari kutoa, kabla ya siku yenyewe. Weka akiba ya nauli, na ihifadhi namba 115, simu ya bure ya mfumo wa m-mama unaotafuta usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga. Usimwachie mama yako wala kaka yako uamuzi wa kuondoka. Uchungu ukianza, ondokeni.

Kwako muuguzi: msalimie kwanza.

Na kwenu viongozi wa halmashauri za Kibondo na Kasulu: friji yenye umeme, damu kwenye benki ya damu, na mtu wa zamu usiku. Daktari Mbaruku alionyesha miaka zaidi ya 30 iliyopita, katika mkoa huuhuu na kwa mikono karibu mitupu, kwamba inawezekana. Kwa hiyo mama wa miaka 42 akifa leo akileta uhai, kosa tusiuwekee umri wake.